Paka wa nyumbani na binti wa kazi: ni nani atakayeulizwa?

 

Ndugu Waislamu, tumezoea siku ya Ijumaa kuzungumza juu ya ibada, ndoa, mirathi na malezi. Leo tumeona tuzungumze jambo ambalo baadhi ya wasomaji wataliona dogo, nalo ni mnyama anayefugwa nyumbani anapoteswa na yule tuliyemkabidhi watoto wetu. Sisi hatulioni dogo, kwa kuwa lilitokea nyumbani kwetu, na kabla halijamalizika lilitufunulia mambo ambayo tusingependa majirani wayajue. Tutayaeleza hata hivyo, huenda yakamfaa mwenzetu.

Tunaye paka jike mwenye marara, aliyeingia kwetu akiwa mdogo wakati wa mvua za masika na hakutoka tena. Mtoto wetu wa mwisho, ambaye sasa ana miaka minne, alijifunza kutambaa akimfuata paka huyo chumba hadi chumba. Tunaye pia binti wa kazi, aliyeletwa kutoka mkoani akiwa na umri wa miaka 19 ili amlee mtoto huyo, maana wazazi wote wawili hutoka alfajiri na hurejea jua limekwisha kuzama. Binti huyu si mvivu wala hana ulimi mchafu. Mtoto anampenda, na usiku akishtuka usingizini humwita "Dada" kabla hajamwita mama yake.

Miezi michache baada ya kuja kwake, paka alibadilika. Alikuwa na desturi ya kulala jikoni kando ya jiko la mkaa lililozimwa, akaiacha. Akisikia kandambili zinaburuzwa sakafuni hukimbilia uvunguni. Siku moja tulimkuta anachechemea mguu wa nyuma, tukasema amepigana na paka shume wa mtaani, tukaishia hapo. Ni rahisi mno kupata maelezo ya jambo ambalo mtu hataki kulichunguza.

Kisha ikaja Jumamosi moja. Mtoto alikuwa akicheza kibarazani, nasi tumekaa ndani karibu na dirisha. Tukamwona ameushika mwiko, amemwinamia paka, akamchapa mgongoni mara mbili na kusema kwa sauti ambayo haikuwa yake: "Toka hapa, mwizi mkubwa wewe! Utanikatisha mshahara!"

Mtoto wa miaka minne hana mshahara.

Hatuna haja ya kuficha kwamba tulighadhibika. Mmoja wetu alikwisha simama kwenda kulitoa begi la binti uvunguni ili aondoke usiku ule ule, na maneno ya kumwambia yalikuwa tayari mdomoni. Mwenzake akamzuia. Akamkumbusha kwamba katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuchunguze habari inapotufikia, tusije tukawadhuru watu kwa kutokujua, kisha tukajuta kwa tuliyoyafanya. Aya hiyo inazungumzia habari iletwayo na mtu fasiki, na mtoto wetu si fasiki. Lakini ikiwa hasira ilikwisha kuhukumu kabla mshitakiwa hajafungua kinywa, basi uchunguzi ulikuwa wajibu wetu zaidi.

Tukangoja mpaka baada ya sala ya Isha, mtoto amelala. Tuliona ni bora mama wa nyumba azungumze naye peke yake, kwani binti anayesimamishwa mbele ya baba na mama kama mbele ya baraza atakubali kila kitu au atakataa kila kitu, na katika hali zote mbili hutajua ukweli. Akamkalisha mkekani. Akamwambia, "Mwanangu, sikukuita kukugombeza. Nataka kujua kuna nini baina yako na paka."

Binti aliinamisha kichwa muda mrefu. Hakukana. Akasema, "Mama, nisamehe. Nampiga. Anakunywa maziwa ya mtoto, na maziwa yakipungua nakatwa mimi."

Hapo ndipo tulipokumbuka jambo tulilokuwa tumelisahau. Mwezi wa kwanza wa kazi yake, lita nzima ya maziwa ilipotea, na sisi, kwa uchovu wa siku na kwa dhana mbaya, tukasema yakipotea tena yatakatwa katika mshahara wake. Yakapotea mara mbili, nasi tukakata mara mbili. Umeme ukikatika, maziwa huwekwa katika sufuria ndani ya beseni la maji baridi, juu yake sahani. Paka yeyote mwenye akili hujua namna ya kuisukuma sahani. Kwetu sisi kilikuwa kiasi kidogo cha fedha, kikatutoka akilini. Binti alikuwa akikihesabu kila siku, kwa sababu fedha ile alikuwa akiituma kwao.

Kisha akaongeza neno la pili, wala hakulisema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Na yeye, mama, ananunuliwa samaki."

Ndugu msomaji, tulinyamaza. Ni kweli kwamba kila Alhamisi tulikuwa tukipitia sokoni na kumnunulia paka vichwa vya samaki na dagaa. Na ni kweli kwamba binti alikuwa akila baada ya watu wote kwisha kula, jikoni, kile kilichobaki. Siku kitoweo kilipokwisha alikula ugali na mchuzi. Hatukumwekea sheria hiyo. Ilijiweka yenyewe, kama zinavyojiweka desturi nyingi za majumbani, na hakuna kati yetu aliyeuliza. Binti alikuwa akimpikia paka samaki wake, akimpoozea, akimtilia sahanini, kisha akaenda kula mchuzi mtupu. Ukiyatazama mambo kwa jicho lake, utaona kwamba ule mwiko ulianza kunyanyuliwa mbali kidogo na jikoni.

Amepokea Abu Hurayra (r.a.), katika Hadithi iliyomo ndani ya Sahih Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliagiza kuwa mtumishi wa mtu anapomletea chakula chake, basi kama hakumkalisha naye ampe japo tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyebeba joto lake na taabu ya kukitayarisha. Tazameni sababu iliyotajwa. Moshi na joto la jiko vimetajwa kuwa ni haki ya aliyepika. Na Abu Dharr (r.a.) amepokea kwamba watumishi wetu ni ndugu zetu waliowekwa chini ya mikono yetu, nasi tumeamrishwa tuwalishe katika tunachokula, tuwavishe katika tunachovaa, wala tusiwatwishe wasichokiweza, na tukiwatwisha tuwasaidie. Tulikuwa tunazijua Hadithi hizi. Tumewahi hata kuzisoma katika darsa. Ni ajabu kwamba ilibidi zirejee kwetu kwa njia ya paka.

Hata hivyo haki ya paka haikuanguka kwa sababu ya kosa letu. Kuna watu ambao wakisikia kisa kama hiki husema, "Ah, kumbe ni paka tu," kana kwamba dhulma ya binadamu ikipatikana, ya mnyama hufutika. Sivyo ilivyo katika dini yetu. Qur'ani katika Suratul An'am, aya ya 38, inatujulisha kwamba wanyama watembeao ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma mfano wetu. Na Abdullah bin Umar (r.a.) amepokea kisa mashuhuri cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Kinyume chake, tumepokea kisa cha mtu aliyeteremka kisimani kwa kiu, na alipotoka akamwona mbwa analamba udongo wenye unyevu kwa kiu hiyo hiyo, akateremka tena, akajaza khofu yake maji na kumnywesha, na Mwenyezi Mungu akamshukuru na kumsamehe. Huyo alikuwa mbwa, mnyama ambaye sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi tunaosha mara saba chombo alichokilamba. Twaha ni jambo moja na huruma ni jambo jingine. Wapo mabinti wa kazi, na wapo pia waajiri, wanaodhani kwamba kwa kuwa dini haikumruhusu mbwa afugwe kwa anasa bali kwa ulinzi, kwa uwindaji na kwa mifugo, basi yule aliyefungwa mnyororo uani ni halali kumrushia mawe. Hakuna fatwa kama hiyo.

Lakini Hadithi iliyotusumbua zaidi usiku ule ni ile iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Abdullah bin Ja'far (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliingia katika bustani ya mtu wa Ansari, akamkuta ngamia ambaye alipomwona aligumia na macho yake yakatiririka machozi. Mtume akamwendea, akampapasa nyuma ya masikio mpaka akatulia. Kisha akauliza: ni nani mwenye ngamia huyu? Akaja kijana wa Kiansari, akasema ni wake. Mtume akamkanya amche Mwenyezi Mungu kwa mnyama aliyemmilikisha, kwani amemshitakia kwamba anamtia njaa na kumchosha. Mtume aliuliza mwenye ngamia, na mwenye ngamia ndiye aliyejibu. Paka wetu angeshitaki, swali lingekuwa: ni nani mwenye paka huyu? Nasi ndio ambao ingetupasa tusimame.

Hatusemi kwamba mtumishi hana dhima. Ile Hadithi ya kila mmoja kuwa ni mchunga na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga imemtaja pia mtumishi, kwamba ni mchunga wa mali ya bwana wake. Kwa hiyo binti naye ataulizwa juu ya mwiko wake. Ila mwenye nyumba ataulizwa juu ya paka, juu ya binti, na juu ya mtoto aliyekuwa akitazama.

Tulipolizungumza jambo hili na ndugu na jamaa tuligundua kwamba nyumba nyingi zimepitia hali kama hiyo, na kwamba sababu zake hazilingani. Wapo mabinti wanaompiga paka kwa woga. Binti aliyekulia mahali ambapo paka mweusi huhesabiwa kuwa ni jini au kitumwa cha mchawi, ukimwambia alale chumba kimoja na paka umempa adhabu. Akimrushia kiatu usiku, anajitetea. Huyu dawa yake ni kuelimishwa kwa upole, tena bila kuchekwa mbele ya watoto. Asimuliwe kwamba sahaba mkubwa Abu Hurayra alipata jina lake hilo kwa kipaka alichokuwa akicheza nacho alipokuwa akichunga mbuzi wa jamaa zake. Asimuliwe pia kwamba sahaba Abu Qatada (r.a.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu mpaka akanywa, na mke wa mwanawe alipomtazama kwa mshangao akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, bali ni katika wanaotuzunguka majumbani. Akiwa bado anaogopa baada ya hayo, basi aondolewe kazi ya kumhudumia. Si kila moyo umeumbwa kupenda wanyama, wala hatukumwajiri binti ampende paka.

Wengine ni mazoea tu. Kijijini, mbwa na paka hufukuzwa kwa fimbo wanapokaribia chakula, na hakuna anayeona ajabu. Mtu huyu hajui kwamba anafanya ubaya mpaka aambiwe, na akiambiwa mara moja kwa lugha nzuri mara nyingi huacha.

Wapo waliochoka. Binti anayeamka saa kumi alfajiri kuchota maji na kulala saa tano usiku baada ya kuosha vyombo, anayelia pamoja na mtoto anayeota meno, asiye na siku ya mapumziko katika wiki wala mtu wa kumwuliza umeamkaje, huyo akipitiwa na paka miguuni anaweza kumpiga teke ambalo hakulikusudia paka. Anayegombezwa na mkubwa wake hutafuta aliye mdogo kuliko yeye, na katika nyumba nyingi aliye mdogo kuliko mtumishi ni paka peke yake. Baada ya paka, msomaji mwenyewe anajua anayefuata ni nani.

Na wapo, ingawa ni wachache, ambao wanafurahia. Tunamjua jirani mmoja ambaye binti wake wa kazi alimmwagia paka maji ya moto makusudi, na alipoulizwa akacheka. Akaonywa, akarudia kwa njia nyingine, akaonywa tena. Baadaye mtoto akaonekana na alama za kufinywa mapajani. Hatusemi kwamba kila anayempiga paka atampiga mtoto, hilo lingekuwa dhulma kwa mabinti wengi waaminifu. Ila mkono unaostarehe kwa kumwumiza kiumbe asiyeweza kusema haufai kuachiwa kiumbe mwingine ambaye hajaweza kusema vizuri. Kwa mtu wa namna hiyo, kuachana ndio salama, na si dhambi kuachana.

Lakini hata hapo jirani yetu alikosea. Binti yule alitolewa nje saa tatu usiku, bila mshahara wa mwezi uliokuwa umebaki siku nne kwisha, bila nauli, begi lake likamfuata kwa kutupwa. Alilala stendi. Mwenyezi Mungu, katika Hadithi Qudsi iliyopokewa na Bukhari, amejitangaza kuwa ni mgomvi wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Haikutajwa humo kwamba mtu huyo akiwa ni mkatili kwa paka ujira wake huwa halali kuliwa. Na msichana aliyeachwa stendi usiku yuko katika hatari ambazo hatuna haja ya kuzieleza kwa watu wazima.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Anayelipwa kwa mwezi hustahiki notisi isiyopungua siku 28, isipokuwa pale kosa lake linapohalalisha kuachishwa papo hapo. Aliyeletwa kutoka mbali hurudishwa na mizigo yake mahali alikochukuliwa, au hupewa nauli ya kumfikisha huko. Na kuhusu kukata mshahara kwa ajili ya hasara, sheria hiyo inataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasivuke robo ya mshahara wake. Tulipolisoma hilo tulitazamana. Maziwa yalinywewa na paka wetu. Ipo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inahesabu ukatili kwa wanyama kuwa ni kosa, nayo haikubagua baina ya mwenye mnyama na mtumishi wake.

Kuna njia nyingine ya kulimaliza jambo hili ambayo watu wengi huiona ni ya huruma. Humtia paka katika kiroba, wakaenda kumtupa soko la samaki, wakajisemea kwamba huko hatakosa chakula. Paka aliyelelewa ndani ya nyumba hajui kupigania utumbo wa samaki na paka waliozaliwa sokoni. Atapotea, atakanyagwa na magari, au atakufa na njaa kando ya chakula. Asiyeweza tena kumfuga amtafutie nyumba nyingine kwa watu anaowajua. Vinginevyo ametenda lile lile alilolikataza kwa binti, tofauti ni kwamba yeye hakutumia mwiko.

Tuseme neno moja la afya, kwa kuwa wasomaji wetu wengi wana watoto wadogo. Paka anayepigwa hujifunza kuparura na kuuma, na mara nyingi anayeumwa ni mtoto, kwa sababu ndiye anayemkaribia bila hadhari. Kichaa cha mbwa hakiambukizwi na mbwa peke yao, paka pia huweza kukiambukiza, na dalili zikishaanza kwa binadamu ni nadra mno apone. Mtoto akiumwa au akiparurwa, jeraha lisipakwe majivu wala mafuta ya taa. Lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 hivi, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja. Paka mwenyewe achanjwe na daktari wa mifugo. Na binti wa kazi aelezwe haya yote, kwani yeye ndiye atakayekuwapo jambo hilo likitokea saa nne asubuhi.

Turudi kwa mtoto. Wazazi wengi katika hali hii hushughulika na binti na kumsahau mtoto, na pengine yeye ndiye jambo zito kuliko yote. Yule mwiko hakuuokota mwenyewe. Aliuona, akauiga, akauona kuwa ndio desturi ya wakubwa. Lau tungemfukuza binti kwa makelele mbele yake, angejifunza somo la pili lililo baya kuliko la kwanza: kwamba mwenye nguvu humfanyia mnyonge atakavyo, na kwamba dada aliyemlea hutupwa kama paka. Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi tangu utoto wake, na amesimulia kwamba hakuwahi kumwambia hata "uff", wala hakumhoji kwa alilolifanya kwa nini alilifanya. Hata siku alipotumwa akasimama njiani kutazama watoto wanacheza sokoni, Mtume alimjia kwa nyuma, akamshika kisogoni huku anacheka.

Na ni huyo huyo Anas aliyetusimulia habari za mdogo wake, aliyekuwa akiitwa Abu Umayr. Mtoto huyo alikuwa na kindege anachocheza nacho, kikafa. Mtume alipomkuta amehuzunika alimwita kwa kuniya yake kama mtu mzima na kumwuliza kwa mzaha wa upole habari za kindege chake. Kiongozi wa umma, mwenye vita na mikataba na wahyi, alipata nafasi ya kuulizia kindege cha mtoto wa mwanamke wa Kiansari. Kisa hicho ndicho tulichomsimulia mtoto wetu, siyo kile cha moto wa Jahanamu, maana tuliona umri wake hauhitaji kutishwa. Aliuliza maswali mengi kuhusu yule ndege, alikuwa wa rangi gani na alikuwa akila nini. Swali la rangi tulishindwa kulijibu.

Nyumbani kwetu mambo yalikwenda hivi. Fedha zilizokatwa zilirudishwa, nasi tukamwomba binti radhi, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko tulivyotarajia, na lilimtia aibu yeye kuliko sisi. Tukanunua chombo cha maziwa chenye mfuniko wa kubana, ambacho bei yake ilikuwa chini ya makato ya mara moja. Binti akaanza kula pamoja nasi. Wiki ya kwanza alikaa ukingoni mwa mkeka na kunyanyuka kila mara kana kwamba ameitwa, kisha akazoea. Kazi ya kumlisha paka iliondolewa kwake, tukaichukua sisi pamoja na mtoto, kila jioni baada ya Maghrib. Tulimwomba binti mambo mawili tu: asimguse paka kwa mkono wala kwa kitu, na akimkuta mezani atuite au apige makofi, paka ataondoka mwenyewe. Tulimweleza pia kwa uwazi kwamba likirudiwa tutaachana, kwa notisi yake na nauli yake. Alikubali. Halijarudiwa.

Ama paka, mguu wake umepona, na usiku hulala tena miguuni mwa mtoto. Lakini mpaka tunaandika haya hajaingia jikoni binti akiwemo. Huketi kizingitini, akamtazama anavyopika, mpaka atoke.